Kichwa cha Treni cha Bati

Jumatatu, 3 Machi 1975

Mwalimu Generosa amesema sisi wa darasa la juu la kisomo tuandike kila siku, hata mstari mmoja, tusije tukasahau herufi. Andikeni mambo ya nyumbani kwenu, amesema. Sawa. Ya nyumbani kwangu ni haya: mvua inanyesha tangu alfajiri, kuni zimelowa, na mume wangu mwenye mvi kichwa kizima anachezea treni.

Si treni yote. Kichwa tu, kile kinachovuta mabehewa. Amekitengeneza kwa bati la madebe ya mafuta ya taa, urefu wake kama mkono wangu kutoka begani hadi vidoleni. Mwanetu Amoni yuko kazini kwenye reli mpya. Alipokuja Krismasi alimchorea baba yake kichwa hicho kwa mkaa kwenye mlango wa kibanda chake cha kazi, akampa na vipimo. Tangu hapo mlango ule haupanguswi. Mimi, mwenye nyumba, nimekatazwa kupangusa mlango.

Halafu Nsajigwa, mwenyekiti wa kijiji, akaja akakiona, akasema kitakwenda Mbeya kwenye maonyesho ya Saba Saba kwa jina la kijiji chetu. Ndipo Baba Amoni akawa hashikiki.

Jumanne, 4 Machi

Mvua.

Jumatano, 5 Machi

Mama mmoja wa Suma amerudisha koroboi. Inavuja mafuta. Baba Amoni ni fundi bati tangu kabla hatujaoana, koroboi zake na faneli zake ziko kila nyumba kuanzia hapa Kisiba mpaka Tukuyu mjini, na sijawahi kuona hata moja ikirudi. Nimeitazama. Alilehemu pembeni ya mshono, siyo juu ya mshono.

Macho yake yameingia ukungu. Anajua, najua, hatusemi mbele ya watu. Nimemwambia twende hospitali ya Mbeya kwa daktari wa macho. Anasema wakitia kisu wanaweza kuondoka na hata hiki kidogo kilichobaki, na hiki kidogo anakitaka kwa ajili ya kichwa cha treni. Amalize kwanza, halafu macho yajifunge yanavyotaka. Nimemwambia ana akili za kuku. Ameendelea kupiga tupa.

Jumamosi, 8 Machi

Leo amemkoholea ndama.

Nieleze, maana Mwalimu ametoka Bukoba na huenda akasoma. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Wasikutane njiani, wasikae chini ya paa moja, asimtaje jina. Tunaita kutila. Baba mkwe akitoka nje anakohoa, mkamwana anapata nafasi ya kuingia migombani. Mimi nilimkimbia baba yake Baba Amoni mpaka siku tulipomzika. Na mimba nikikimbia, na mtungi kichwani nikikimbia, na sikuvunja mtungi. Mchungaji anasema kwa Mkristo si lazima. Mchungaji hakulelewa na mama yangu.

Basi Tusekile, mke wa Amoni, yuko hapa kwetu tangu alipojifungua mtoto wake Andrea, kwa sababu Amoni amehamishiwa Mlimba na huko hawajampa nyumba ya familia. Analala kwenye nyumba ndogo, ng'ambo ya migomba. Ni msichana mkimya. Mimi sipendi mtu mkimya, hujui anakuwekea nini moyoni.

Leo Baba Amoni ametoka kibandani, ameona kitu kimesimama uani. Amekohoa. Amegeuza uso kwa adabu, akangoja kiondoke. Ndama alikuwa anacheua. Mzee mzima amemsubiri ndama kwenye mvua. Niliona yote kutoka jikoni na sikucheka.

Jumatatu, 10 Machi

Ameniuliza kichwa cha treni kina nini mbele zaidi ya taa. Nikamwambia mimi nimeiona wapi treni? Akasema, "Muulize mkamwana wako. Yeye alikaa nazo."

Ni kweli, walikuwa wakikaa Mbeya kwenye nyumba za reli, na Tusekile alikuwa akiwauzia madereva chai asubuhi wakati injini zinapashwa moto. Mimi nilifikiri mtu anayeuza chai anatazama vikombe. Nimekwenda kumuuliza ili mzee aniache nimenye ndizi zangu. Mtoto yuko kifuani ananyonya, akaanza.

Kumbe huyu hakuacha kitu. Mbele pale chini kuna chuma cha kukamatia behewa, kimekunjwa kama vidole vya mtu anayeshika mpini. Pembeni yake inaning'inia mipira ya upepo. Ngazi za kupandia zimetobolewa matundu ili kiatu kisiteleze. Vyuma vya kushikia havikugandana na mwili wa injini, vimesimama mbali kidogo, mkono upite. Nikamwambia ngoja, polepole, mimi si kaseti.

Nikavuka migomba kwenye tope kwenda kibandani, nikasema. Baba Amoni akauliza: vyuma vya kushikia ni vya duara au bapa? Nikarudi. Vya duara. Nikaenda. Vimeanzia usawa wa ngazi au juu yake? Nikarudi. Ndizi zimeungua.

Jumatano, 12 Machi

Nimevuka migomba mchana kutwa. Mguu unauma.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetafuta mwavuli niende kliniki na Tusekile na mtoto. Nimeukuta kitambaa kitupu kimekunjwa vizuri. Vijiti vyote amevichukua. Anasema hakuna waya mwingine mwembamba ulionyooka namna ile, na kwamba vyuma vya kushikia sasa vinasimama vyenyewe, nije nione. Huku kwetu, mwezi wa tatu, amenitolea mifupa ya mwavuli.

Tumekwenda kliniki tumejifunika majani ya mgomba kama watoto. Tusekile alikuwa anatikisika nikadhani ni baridi. Alikuwa anacheka. Ni mara ya kwanza namwona anacheka hapa kwangu.

Jumapili, 30 Machi. Pasaka

Tumesali. Baba Amoni amekaa upande wa wanaume, Tusekile nyuma kabisa, nyuma ya nguzo; paa la kanisa halihesabiwi. Njiani mzee ameniuliza, neno la kwanza baada ya ibada: taa za mbele zina kofia au hazina?

Alhamisi, 3 Aprili

Zina kofia.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua haijakata tangu Ijumaa. Barabara ya Tukuyu imekatika darajani, viazi vya Isongole havishuki, tunakula ndizi na magimbi, magimbi na ndizi.

Yeye hana habari. Anapiga vidoa vya ribiti. Analaza bati juu ya ubao laini, anagonga kwa ndani na msumari butu, kwa nje kinatokea kidoa kama upele. Anapima nafasi kwa ukucha wa kidole kidogo, siyo kwa macho. Nimesimama mlangoni nikamtazama muda mrefu na hakujua nipo. Zamani alikuwa akijua kivuli changu.

Jumamosi, 19 Aprili

Madirisha. Aliuliza vioo vikoje, Tusekile akasema vimeingia ndani kidogo na vina mpira mweusi pembeni. Basi mzee ameingia sandukuni akatoa ile picha ya kifua changu niliyopigwa hospitali mwaka ule nilipokohoa. Ameichemsha, amesugua, weusi wote ukatoka, ikabaki ngozi ngumu ya kupenyeza mwanga. Ameikata. Mbavu zangu sasa ni madirisha ya treni.

Niligomba mpaka sauti ikakauka. Akangoja nimalize, akaniuliza kwa upole kama waipa za kufutia mvua kiooni ziko mbili au moja.

Jumatatu, 21 Aprili

Mbili.

Jumanne, 6 Mei

Sasa tunaongelea upande. Honi iko upande gani wa paa? Tusekile ana maneno marefu kwenye jambo la upande: kulia, mama, nikiwa nimesimama mbele yake nautazama uso wake. Nimempelekea mzee: kulia. Ngazi ya kupandia paani? Kulia, nikiwa nimesimama mbele yake. Nimepeleka: kulia. Kimlango cha kujazia mafuta? Nilikuwa na mtoto mgongoni na mbalaga, ndizi zetu za kupika, jikoni. Kulia.

Mtoto ameota jino.

Jumamosi, 17 Mei

Husseni wa dukani Tukuyu hana rangi, amesema hata serikali haina. Halafu alipojua ni ya nini akaingia nyuma ya duka akatoa kopo la kijani lililobaki alipopaka milango yake, na la njano lenye ngozi juu. Barabara imepona kidogo. Nimerudi na rangi kichwani, na sukari sikupata.

Ijumaa, 30 Mei

Amepaka. Kijani, mstari wa njano ubavuni. Mstari nimeushikia kamba mimi ili usipinde. Niseme kweli, kimependeza. Mvua imeanza kupungua, baridi inaingia.

Jumanne, 3 Juni

Sitaki hata kuandika.

Jumatano, 4 Juni

Naandika. Jana mzee aliniambia nimuulize mkamwana kama rangi ya injini ya kweli inang'aa hivi. Tusekile akasema inang'aa ikiwa mpya. Ikishaanza kazi inakuwa na vumbi jekundu chini kote kwenye magurudumu, kwenye kimlango cha mafuta pametiririka weusi, juu ya paa pana masizi pale moshi unapotokea, na kwenye ngazi rangi imechubuka kwa viatu.

Mtu mwenye akili angesema asante tumesikia. Baba Amoni amechukua masizi ya chungu changu, amechukua udongo, amechanganya na mafuta, na kitu kile kipya, kilichonigharimu mwavuli na mbavu, amekipaka uchafu kwa kitambaa. Taratibu kabisa, kama anamwogesha mtoto. Kisha amechukua tupa akachubua ngazi alizozipaka rangi juzi.

Nimemuuliza Tusekile kwa nini hakunyamaza, yeye mkimya wa siku zote. Akasema, "Baba aliuliza ukweli, mama."

Baba. Hajawahi kumwona uso.

Alhamisi, 12 Juni

Nsajigwa amekuja kukagua. Leo jua limetoka, akataka kichwa cha treni kiletwe uani akione vizuri. Akakizunguka. Akasema ni kazi kubwa, lakini kwa nini ni kichafu? Viongozi watapita pale. Na ubavuni mbona hamna maneno, UHURU NA KAZI, kwa herufi kubwa?

Mume wangu akamwambia ya kweli haina maneno hayo.

"Mzee, hii si ya kweli."

"Ndiyo maana nahangaika," akasema Baba Amoni.

Nsajigwa akaniangalia mimi kama ninaweza kusaidia. Nikamwambia mwenyekiti, nimeshindwa tangu Machi, jaribu wewe. Akaacha. Wakaenda pamoja kutazama kahawa ya kijiji, mzee amemshika bega akisingizia urafiki, kumbe haoni njia.

Walipopotelea mbali, Tusekile akatokea migombani. Miezi yote hii alikuwa hajakiona. Kimekaa kibandani kwa mzee na yeye hawezi kuingia mle. Akachuchumaa. Akapitisha kidole hewani juu yake, hakugusa. Akatazama chuma cha vidole, mipira ya upepo ambayo ni mpira wa valvu ya baiskeli, matundu ya ngazi. Machozi yakamlenga. Nikasema moyoni, haya, angalau kuna mtu ameridhika.

Halafu akaenda mbele yake akasimama, akainua mkono wake wa kulia. Akausimamisha hivyo.

"Mama, honi iko upande usio wake."

Na ngazi ya paani. Na kimlango cha mafuta na weusi wake uliotiririka. Vyote vimehama. Nikamuuliza kwa ukali alisema kulia au hakusema kulia. Akasema alisema kulia kwake yeye, akiwa amesimama mbele anatazamana na injini. Na mzee, nikimfikiria, anatengeneza kama dereva aliyekaa ndani anatazama mbele. Kulia kwa huyu ni kushoto kwa yule. Maneno ya katikati niliyakata mimi. Yalikuwa marefu na njia ilikuwa tope.

Watu wawili wangekaa wakaonyeshana kwa kidole, jambo hili lisingetokea. Lakini kidole hakivuki migomba. Kinachovuka ni mdomo wangu.

Nikamwambia funga mdomo. Mbeya nani atajua? Akasema madereva watajua, na Amoni atajua. Nikamwambia funga mdomo, nikarudisha kichwa cha treni kibandani mwenyewe.

Ijumaa, 13 Juni

Mzee ameuliza: mkamwana amekiona jana? Nimesema amekiona. Amesemaje? Nimesema amesema kizuri.

Jumamosi, 14 Juni

Ameuliza tena amesemaje. Hasa hasa alisemaje.

Jumatatu, 16 Juni

Ameuliza tena. Nimemwambia niache nichambue maharage.

Alhamisi, 19 Juni

Ukungu mpaka saa nne. Leo amejikwaa kwenye kinu kilekile kinachokaa palepale tangu uhuru. Ameinuka, amejipangusa, ameuliza: lakini honi, alisema nini kuhusu honi?

Hataki sifa za Nsajigwa. Anataka mtu mmoja tu anayejua aseme ndiyo, ndivyo ilivyo, na mtu huyo analala hatua chache kutoka mlangoni kwake, na mimi nimekaa katikati kama mwamba.

Jumatatu, 23 Juni

Nimemwambia. Nilingoja awe anakunywa uji, mdomo wake uwe na kazi. Nikasema honi, ngazi na kimlango viko upande mwingine, na kosa ni langu, nilifupisha maneno, na kama anataka kugomba agombe sasa.

Akaweka kikombe chini. Akakaa. Kisha akasema, "Kwa hiyo amekitazama sawasawa."

Na akafurahi. Uso wote. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi tangu wiki iliyopita, nimepanga na maneno, nikakosa wa kugombana naye. Akainuka kwenda kuwasha jiko la mkaa, apashe chuma cha kulehemu.

Jumatano, 25 Juni

Ameunguza kidole gumba. Alitaka kubandua honi, chuma cha moto kikapita juu ya honi kikatua juu ya kidole. Nimempaka asali.

Alhamisi, 26 Juni

Leo ni mbaya zaidi. Amebandua mshono mwingine kabisa. Ubavu mzima wenye mstari wa njano umeachia, ukainama. Nimesikia bati linalia nikakimbia. Nimemkuta amekaa, mikono juu ya magoti, jiko linawaka bure. Katika ndoa yetu sijawahi kumwona amekaa mchana bila kitu mkononi.

"Mama Amoni," akasema, "sioni mstari."

Nimesema utauona kesho, leo ni ukungu. Tukajua wote wawili kwamba ukungu ulishaondoka tangu asubuhi.

Nimekwenda kwa Tusekile nimemgombeza juu ya nepi zilizoanikwa vibaya. Nilipomaliza akasema, kama anaongea na mtoto, kwamba angekuwa karibu angeweza kumwambia baba chuma kiko wapi na mshono uko wapi. Angeweza tu kusema. Nikamwambia haiwezekani. Akasema anajua.

Jumamosi, 28 Juni

Nimelala juu ya jambo hili siku mbili. Mama yangu alisema wasionane, wasikae chini ya paa moja. Nje si chini ya paa. Mikono si uso.

Basi nimechukua mkeka nimeutundika kwenye mlango wa kibanda, kutoka juu mpaka karibu na kizingiti, chini nimeacha nafasi. Kichwa cha treni kimewekwa pale kwenye nafasi. Mzee ndani, mikono yake imetokeza chini ya mkeka. Tusekile nje kwenye kigoda, juu yake mbingu. Mimi nimesimama ubavuni naona huku na huku.

Tusekile akaniambia, "Mama, mwambie baba ashushe chuma kidogo." Nikasema, shusha chuma kidogo. Mkeka ni ukindu, siyo ukuta, alishasikia, alishashusha. "Mwambie asogeze kushoto, kushoto kwake yeye." Nikasema sogeza kushoto kwako wewe. Safari hii sikufupisha hata herufi. Lakini risasi ya kulehemu haingoji mtu. Mpaka mimi nimalize kusema imeshaganda. Wakajaribu, ikaganda. Wakajaribu, ikaganda. Tumesimamisha ule ubavu ulioinama, basi, jua likaisha.

Jumatatu, 30 Juni

Tena mkekani. Risasi ilipoganda mara ya tatu, Tusekile hakunitazama. Aliutazama mkono wa mzee, akasema, "Hapo hapo." Mkono ukatulia. Akasema, "Gusa." Mkono ukagusa, risasi ikakimbia kwenye mshono ikang'aa. Ngazi imeshika.

Nikabaki na mdomo wazi nimeandaa maneno yangu. Nimekwenda kumenya ndizi. Hakuna aliyeniita.

Jumanne, 1 Julai

Kimlango kimehama. Hawakuniita.

Jumatano, 2 Julai

Nimepita pale mara nyingi kwa kazi zangu. Hawana haja na mimi. Miezi minne nimevuka migomba mguu unavimba, leo nimekuwa mtu wa kupita. Ninashika mtoto.

Alhamisi, 3 Julai

Jumamosi gari la ushirika linakuja kuchukua kichwa cha treni kukipeleka Mbeya. Imebaki honi, na honi ni kitu kidogo kuliko vyote, ametengeneza kwa koo la kopo la mafuta, nyembamba kama shina la boga. Mshono wake ni uzi.

Tangu asubuhi wanajaribu. Tusekile anasema gusa, mzee anagusa pembeni. Sauti ya Tusekile imeanza kuchoka. Mzee akasema, si kwa mtu yeyote, "Ni giza humu."

Si giza la macho peke yake. Kibanda kile kina kidirisha cha kupita panya tu, mwanga wake wote unaingia mlangoni, na mlangoni nimetundika mkeka. Mimi mwenyewe. Hicho kidogo alichobakiwa nacho, nimekifunika kwa mkono wangu.

Nimesimama pale na mtoto mgongoni. Nimemfikiria mama yangu. Nimemfikiria baba mkwe wangu, ambaye mpaka leo sijui sura yake ilikuwaje. Alikufa na maneno yake yote nami sikusikia hata moja, na nilijisifu.

Nikaushika mkeka nikaung'oa.

Tusekile akajifunika uso kwa khanga papo hapo, akainuka kukimbia. Nikamwambia kaa chini, mshono unakungoja. Akakaa. Mzee amegeuza shingo kule ukutani, adabu tupu, na chuma cha moto mkononi. Nikamwambia na wewe geuka, utachoma nyumba. Nimesema kama kuna dhambi niandikiwe mimi, nina nafasi.

Mwanga ulikuwa umemwingia mzee mpaka kifuani. Akainamisha kichwa karibu na bati, karibu kabisa, akalitafuta kwa jicho la kushoto lenye nafuu kidogo. Tusekile akashusha khanga polepole mpaka puani, ili aone.

"Iko sawa hapa, binti?"

"Nyuma kidogo, baba. Hapo. Gusa."

Risasi ikakimbia. Honi imesimama upande wake.

Nikasema haya, tumemaliza, tukale. Nikapakua. Nikaita. Nikasikia wanaongea. Nimerudi nikakuta Tusekile anamwambia waipa ya pili imelala mno, ya kweli inasimama kidogo, na mzee anasema alishapaka rangi na haigusi tena, na Tusekile anasema rangi inapakwa upya, baba, na mzee anasema binti huyu ana maneno mengi. Binti huyu! Nikasema chakula kinapoa. Hakuna aliyegeuka.

Kisha Tusekile akasema, huku anatazama waipa, kwamba gari la Jumamosi lina nafasi mbele, na hospitali ya Mbeya ina daktari wa macho, na yeye anaijua njia kutoka uwanja wa maonyesho mpaka pale, atampeleka. Baba Amoni akajikuna kidevu akasema, haya, nitakwenda.

Haya, nitakwenda! Mimi nimesema tangu Machi. Nimesema kwa upole, nimesema kwa ukali, nimesema mpaka kuku wanajua. Yeye anaambiwa mara moja na mtu aliyejifunika nusu ya uso, anasema haya.

Nimekula peke yangu. Wao bado wako pale mlangoni kwenye waipa, nawasikia nikiandika. Chakula chao nimekifunika kwenye sahani moja. Nyingine zote ni chafu, na leo sioshi kitu.